Bati Lisiloonekana: Uhakiki wa Istilahi za Oksidi Angavu

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi huko Nalasi, mkoani Ruvuma, ametuletea karatasi ya maelezo iliyokuwa imefungwa pamoja na bamba dogo la umeme wa jua, akitutaka tumfafanulie maneno matatu yaliyomo. Karatasi hiyo imeandikwa kwa Kiswahili, na kwa jambo hilo aliyeiandika anastahili shukrani, maana bidhaa nyingi za namna hiyo huja na maelezo ya lugha za kigeni tu. Maneno aliyoyapigia mstari mwalimu ni "bati angavu", "nusu kondakta" na "filamu yenye dawa".

Karatasi inamwonya mnunuzi asiliparuze "bati angavu" kwa kitu kigumu. Wanunuzi, kama mwalimu alivyotuarifu, walilitafuta bati hilo wasilione. Mbele ya bamba waliona kioo, na nyuma waliona plastiki nyeusi. Basi baadhi yao walikata shauri kwamba wameuziwa bamba bandia, kwa kuwa lile la kweli lazima liwe na bati, na karatasi yenyewe yashuhudia hivyo. Mmoja wao alichukua kisu akaibandua plastiki ya nyuma ili alifikie bati, na alipomaliza, bamba lilikuwa halitoi umeme tena. Wengine waliwakataza watoto kuligusa kwa sababu ya ile "dawa", wakidhani ni sumu kama ile ya kupuliza mashambani.

Hatumtaji aliyeleta bidhaa hiyo, wala hatuna nia ya kumshtaki. Makosa aliyoyafanya mfasiri wake hufanywa kila siku maofisini na madarasani, na mengine tumeyafanya sisi wenyewe. Lakini mtu amepoteza mali yake kwa sababu ya istilahi, na jambo hilo latupasa tulitazame kwa makini kuliko tunavyotazama orodha za maneno yasiyokuwa na mtu nyuma yake.

Kabla ya kuhakiki maneno yafaa tukijue kitu. Vitu tulivyovizoea hugawanyika mafungu mawili. Vinavyopitisha umeme vyema, kama shaba na alumini, haviruhusu nuru kupenya. Na vinavyoruhusu nuru kupenya, kama kioo cha dirisha, havipitishi umeme. Mnamo mwaka 1907 mtaalamu wa Kijerumani Karl Bädeker alionyesha kwamba utando mwembamba wa kadimiamu, ukichomwa hewani hata ukageuka oksidi, hupenyeza nuru na kupitisha umeme kwa pamoja. Baadaye ikadhihirika kwamba oksidi za stani, indiamu na zinki hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, tena bila ya sumu ya kadimiamu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia vioo vya mbele vya ndege vilipakwa oksidi ya stani ili vipashwe moto kwa umeme visishikwe na barafu, na rubani aendelee kuona mbele. Siku hizi utando wa oksidi ya indiamu iliyochanganywa na oksidi ya stani, aghalabu kwa kadiri ya sehemu 90 kwa 10 za uzito, umo katika vioo vya simu nyingi za kugusa. Na mwaka 2004 Hideo Hosono na wenzake wa Japani walitangaza kwamba wametengeneza transista angavu juu ya karatasi ya plastiki inayokunjika, kwa kutumia oksidi ya indiamu, galiamu na zinki. Tangu mwaka 2012 transista za oksidi hiyo zimekuwa zikiuzwa ndani ya vioo vya simu na kompyuta.

Kwa hiyo mtu wa Nalasi anaposhika simu ya kugusa tayari anashika kitu ambacho Kiswahili chake hakijakipatia jina. Ama bamba la mwalimu, hilo ni la aina isiyokuwa na ile mistari myembamba ya fedha tuionayo mbele ya mabamba ya kawaida. Katika aina hiyo umeme hukusanywa upande wa mbele na utando wa oksidi ya stani uliopakwa upande wa ndani wa kioo. Ndiyo sababu mfasiri akaandika "bati".

Tuanze basi na hilo bati. Neno hili lina maana zisizopungua tatu katika Kiswahili cha leo. Ya kwanza ni madini yachimbwayo Kyerwa, mkoani Kagera, ambayo magazeti yetu huyaita madini ya bati. Ya pili ni vyombo kama sahani na vikombe vya bati, ambavyo mara nyingi ni chuma kilichopakwa rangi ngumu. Ya tatu, nayo ndiyo iliyoenea kuliko zote, ni mabati ya kuezekea nyumba. Hayo mabati ni chuma kilichopakwa zinki, au zinki pamoja na alumini, wala hamna ndani yake hata chembe ya yale madini ya Kyerwa. Mwananchi anapotofautisha nyumba ya bati na nyumba ya nyasi hana habari na madini hayo, wala hapaswi kuwa nayo.

Sasa mfasiri akisema "oksidi ya bati", msomaji aelewe nini? Akifuata maana ya kwanza atapata oksidi ya stani. Akifuata maana ya tatu atapata mojawapo ya mambo mawili: kutu nyekundu ya chuma, au ule unga mweupe unaotokea juu ya bati jipya lililokaa penye unyevu, ambao watoka katika zinki. Na hapa ndipo hatari ilipo, kwa kuwa oksidi ya zinki nayo hufanya kazi ile ile ya kupenyeza nuru na kupitisha umeme. Laiti ingekuwa kitu cha mbali tungesema muktadha utamwokoa msomaji. Lakini oksidi hizi mbili hushindana katika kiwanda kimoja, na huenda zikakutana katika sentensi moja. Neno lisiloweza kutenganisha vitu viwili vilivyomo katika sentensi moja halifai kuwa istilahi, hata likiwa la kale na la kupendeza namna gani.

Shauri letu ni kwamba katika maandishi ya sayansi madini hayo yaitwe stani, kutokana na jina la Kilatini ambalo alama yake ya kikemia imekwisha kulihifadhi. Zinki iitwe zinki. Na bati liachiwe mapaa. Tunajua tutaambiwa kwamba wachimbaji wa Kyerwa hawatasema stani. Wasiseme. Wala mkulima wa korosho wa Tunduru hatasema sulfuri kwa ule unga wa manjano anaopulizia mikorosho yake dhidi ya ubwiriunga. Yeye husema salfa, na salfa imeshinda. Lakini tazameni gazeti linapoandika habari za Kyerwa: mwandishi huandika "madini ya bati" halafu mara moja hutia mabanoni neno la Kiingereza. Mabano hayo ni ushahidi kwamba mwandishi mwenyewe haliamini neno lake. Na mtumishi wa serikali anayeandika kibali cha kusafirisha mzigo, ambaye hana ruhusa ya kutia mabano, ataandika nini?

Jambo moja la kustaajabisha kidogo tuliseme hapa. Jiwe lichimbwalo Kyerwa, na lichimbwalo pia Walikale katika mashariki ya Kongo, yaani kasiteriti, ni oksidi ya stani yenyewe. Jiwe hilo ni jeusi au la kahawia kwa sababu ya chuma na takataka nyingine zilizomo, bali likisafishwa na kutandazwa kwa unene wa sehemu ndogo ya elfu ya milimita, kijiwe kile cheusi huwa kama hakipo. Watu wa Nalasi walikuwa na haki ya kutokuliona bati lao.

Kuhusu neno "oksidi", tumekuta pia "oksaidi", na shuleni hili la pili ndilo lisikikalo zaidi kwa kuwa walimu wamezoea matamshi ya Kiingereza. Hatuoni sababu ya kugombana sana. Tunapendelea "oksidi" kwa kuwa huendana na "kloridi" na jamaa zake, na ni fupi. Wapo waliopendekeza "kutu" kwa hoja kwamba kutu ni oksidi ambayo kila mtu ameiona. Hoja hiyo ina ukweli wa kikemia, na mwalimu anayeanza kueleza oksidi ni nini afanye vyema kuanzia kwenye kutu. Lakini kutu katika Kiswahili ni uharibifu. Huwezi kumwambia mtu kwamba kioo cha simu yake kimepakwa kutu kwa makusudi, ukatazamia akushukuru. Vilevile oksidi ya zinki imo katika plasta ya vidonda, katika dawa ya waridi ya kupaka penye upele, na katika mafuta mengi ya kukinga ngozi na jua, ambayo kwa ndugu zetu wenye ualbino ni kinga ya uhai. Plasta ya kutu haingenunuliwa.

Neno la pili la mwalimu ni "nusu kondakta". Kosa lake liko wazi: kondakta kwa Mtanzania ni yule anayekusanya nauli katika basi, na nusu yake hatuwezi kumkadiria. Twashukuru kwamba vitabu vya shule vimekwisha kuzoea "kipitishi" kwa kitu kinachopitisha umeme na "kihami" kwa kisichopitisha. Swali ni sehemu ile ya "nusu". Wapo wasemao "nusukipitishi", wapo wasemao "kipitishi nusu", wapo wasemao "semikonda", na katika mswada mmoja tumeona "kipitishi hafifu".

Hili la mwisho tunalikataa kabisa. Ukuni mbichi ni kipitishi hafifu. Maji ya kisima pia. Tabia ya vitu tunavyovizungumzia si udhaifu wa kupitisha umeme bali ni kwamba upitishaji wao waweza kutawaliwa. Shaba ikipashwa moto hupitisha umeme vibaya zaidi, ilhali silikoni safi ikipashwa moto hupitisha vizuri zaidi. Ukiimulika, ukiichanganya na kitu kingine kidogo, au ukiisogezea umeme kwa karibu, hali yake hubadilika. Transista yote imejengwa juu ya utiifu huo. Na oksidi ya indiamu yenye stani, iliyo katika jamii hiyo hiyo, hupitisha umeme kwa wingi hata ikakaribia baadhi ya metali. Kuiita hafifu ni kusema uongo.

Je, "nusu" nayo si uongo? Wapo wanaodai kwamba nusu ni kipimo, na kwamba mwanafunzi atadhani kitu hicho hupitisha umeme asilimia 50. Dai hili tulilipima kwa muda mrefu, mwishowe tukaliona halina nguvu, na ushahidi tuliupata katika Kiswahili chenyewe. Hospitalini mgonjwa hupewa nusukaputi. Hakuna daktari wala mgonjwa anayefahamu kwamba amekufa kwa asilimia 50. Wote wafahamu kwamba yuko katika hali iliyo kati ya mbili, na kwamba hali hiyo inatawaliwa. Na kila mwalimu wa Kiswahili amefundisha kwamba /w/ na /y/ ni nusu-irabu. Sauti hizo hazikukatwa katikati. Zimesimama baina ya irabu na konsonanti, zikichukua tabia ya huku au ya kule kufuatana na mahali zilipo. Basi nusukipitishi ni ndugu wa nusukaputi na wa nusu-irabu, na tunalipendekeza liandikwe neno moja bila ya nafasi, wingi wake nusuvipitishi. (Wingi huo hauwapendezi wote. Tumesikia pia "nusukipitishi" kwa umoja na wingi. Sisi tunaona ngeli ya ki-vi imekwisha kulishika neno.) "Semikonda" tunaiachia wanaoipenda, bila ya kuilaani.

Sasa tuje kwenye "angavu", ambalo mfasiri wa karatasi ile hakulikosea, ila amelitumia bila ya tahadhari. Angavu lina nyuso mbili. Twasema maji maangavu kwa maji yanayoonyesha mchanga ulio chini. Lakini twasema pia rangi angavu kwa rangi inayong'aa na kuvuta macho, na hiyo ni kinyume cha kutoonekana. Mtu aliyesoma "bati angavu" alikuwa na haki ya kutafuta bati linalometameta. Kwa kweli mabati mapya ndiyo yanayometameta kuliko kitu chochote kijijini.

Tulifikiria kulibadilisha. "Penyezanuru" lipo, nalo ni wazi zaidi, lakini ni zito kinywani, na katika sentensi ndefu humchosha msomaji. Tulifikiria kutumia kioo, lakini kioo nacho kina kisa chake: hicho hicho ndicho kinachoonyesha sura ya mtazamaji, ndicho kilicho dirishani, na siku hizi ndicho kilicho mbele ya simu. Hatimaye tumebaki na "angavu", kwa sharti moja. Mfasiri asiliache likining'inia. Aseme angavu kwa nini. Oksidi ya zinki ni angavu kwa nuru ionekanayo, lakini huzuia miale ya urujuanimno, na kwa sababu hiyo hiyo hutiwa katika mafuta ya kukinga jua. Kitu kimoja ni angavu na si angavu kwa wakati mmoja, kutegemea nuru iliyokijia. Ikiandikwa "utando angavu, usioonekana kwa macho", mnunuzi wa Nalasi hatatafuta cha kumetameta.

Kuna na suala la upatanisho, ambalo waandishi wengi hulipuuza na kumbe ni msaada mkubwa tuliopewa na lugha yetu. Hebu tuchukue jina la fani nzima. Wengine huandika "elektroniki angavu". Elektroniki ni taaluma. Taaluma haipenyezi nuru. Vilivyo angavu ni vifaa. Tukiandika "vifaa viangavu vya elektroniki", kiambishi vi- chatuonyesha mara moja kivumishi kinamsifu nani, jambo ambalo lugha zisizokuwa na ngeli haziwezi kulifanya kwa urahisi huo. Tumekuta "kiangavu" na "changavu" kwa umoja, na hatujaona kwamba mojawapo limelishinda jingine. Twatumia la kwanza kwa sababu ya wepesi wa kulitambua shina.

Tumelichelewesha neno la tatu kwa kuwa ndilo lililodhuru zaidi. "Filamu yenye dawa" ni maneno mawili yasiyofaa yaliyoshikana mikono. Filamu kwa wananchi ni sinema. Kwa tabaka lenye unene wa nanomita mia kadhaa, hali unywele wa mtu una nanomita elfu makumi kadhaa, Kiswahili kina "utando": utando wa maziwa yaliyopoa, utando wa buibui, utando wa jichoni. Hakuna neno lifaalo zaidi. Twashangaa kwamba limeachwa.

Ama hiyo dawa, asili yake ni hii. Oksidi ya zinki iliyo safi hupitisha umeme kidogo. Ukitia alumini kidogo, kiasi cha sehemu 2 katika 100 za uzito wa oksidi, chembe za alumini hutoa elektroni za ziada na umeme hupita kwa wingi. Kwa oksidi ya stani hutiwa florini, kwa ile ya indiamu hutiwa stani. Neno la Kiingereza la tendo hilo ndilo hilo hilo litumikalo kwa wanariadha wanaotumia madawa yaliyokatazwa, na mfasiri wetu alilifuata neno akakiacha kitu. Hivyo ndivyo bamba la jua lilivyopata sumu.

Tumewauliza walimu wenzetu: tendo gani la nyumbani hufanana na hili, yaani kutia kitu kidogo sana ambacho hubadilisha tabia ya kitu kingi? Mmoja alijibu "chachu". Jibu zuri, lakini chachu huumuka na kuongezeka, na alumini haiongezeki. Mwingine alisema "kuunga", kama kuunga mchuzi; lakini kuunga pia ni kuunganisha, na katika fani iliyojaa nyaya za kuunganishwa tungekuwa tunatafuta ugomvi. Wa tatu alisema "kukoleza". Mpishi hukoleza chumvi, mfua rangi hukoleza rangi, na kila mmoja anajua kwamba kikipungua hakikolei na kikizidi kimeharibika. Hali ndiyo hiyo hiyo katika oksidi: ukikoleza mno, utando huanza kuzuia miale ya joto iliyo karibu na nuru nyekundu, na uangavu wake hupungua. Tunapendekeza basi "kukoleza", "kikolezo" kwa kitu kitiwacho, na "ukolezaji" kwa tendo lenyewe.

Tunalo pingamizi dhidi yetu wenyewe, na hatupendi kulificha. "Ukolezi" hutumika katika kemia kwa kiasi cha kitu kilichoyeyuka ndani ya kingine. Mwanafunzi mwenye haraka atachanganya ukolezi na ukolezaji. Tumelikubali tatizo hilo kwa kuwa maneno yote mawili yatoka katika wazo moja na hayapingani: ukolezaji huongeza ukolezi wa elektroni. Lakini mtahini asiyaweke yote mawili katika swali moja la kuchagua majibu.

Yabaki maneno mawili ambayo hayakuwamo katika karatasi ya Nalasi, bali bila ya hayo mwalimu hawezi kumweleza mtoto kwa nini utando huo hauonekani. Katika nusukipitishi, elektroni zilizofungwa na zilizo huru hutenganishwa na nafasi ya nishati ambayo elektroni haiwezi kukaa. Nuru ionekanayo huja kwa mafungu ya nishati ya kiasi cha elektronivolti 1.7 hadi 3.1. Katika silikoni nafasi hiyo ni elektronivolti 1.1, kwa hiyo nuru hunyakuliwa, elektroni zikaruka. Katika oksidi ya zinki ni karibu 3.3, na katika ile ya stani ni karibu 3.6. Fungu la nuru halina nguvu ya kuirusha elektroni ng'ambo, basi nuru hupita zake kama mgeni aliyekuta mlango umefungwa. Nafasi hiyo vitabu vingine huiita "pengo la nishati". Na ile nafasi iachwayo na elektroni iliyotoka, ambayo nayo huchukua umeme, huitwa "shimo" au "tundu".

Twaona majina haya yamekaa mahali pasipo pake. Mswahili ana mwanya na ana pengo. Mwanya ni nafasi iliyoumbwa baina ya meno, tena ni uzuri wa mtu. Pengo ni mahali palipong'oka jino. Nafasi ya nishati imeumbwa hivyo, hakuna kilichong'oka. Basi huo ni mwanya wa nishati. Na nafasi iliyoachwa na elektroni iliyoondoka ni pengo, kwa maana ile ile ya kinywani, wala haina kina cha shimo wala haitokezi upande wa pili kama tundu. Kwa maneno haya mawili mwalimu aweza kueleza hata jambo gumu kidogo: kwamba oksidi hizi hupenda kupitisha umeme kwa elektroni, na ni taabu kuzifanya ziupitishe kwa mapengo, ingawa mwaka 1997 wataalamu wa Japani walipata oksidi angavu ya shaba na alumini ifanyayo hivyo.

Majina ya madini yenyewe hatukutaka kuyagusa. Indiamu iligunduliwa Ujerumani mwaka 1863, ikapewa jina hilo kwa ajili ya mstari wa rangi ya nili ulioonekana katika nuru yake. Tungekuwapo, tungeiita nilia au kitu cha namna hiyo. Tumechelewa, na indiamu yatosha.

Hatuwezi kuliacha jambo hili bila ya kusema neno juu ya wenyeji wa fani. Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imefanya kwa miaka mingi utafiti wa tando za oksidi kwa ajili ya nishati ya jua na madirisha, ikiwamo oksidi ya zinki iliyokolezwa kwa alumini. Maarifa hayo yamepatikana Mlimani, na tasnifu zake zimeandikwa kwa Kiingereza. Mtafiti anapotoka maabara na kumweleza fundi wa karakana anachokitaka, husema Kiswahili, na lazima awe na maneno anayoyatumia. Maneno hayo hatunayo katika orodha zetu. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilitoka mwaka 1990, kabla ya transista angavu kutengenezwa, na hatuwezi kuilaumu. Lakini mtaalamu wa istilahi aliyekaa mezani na kamusi ya Kiingereza, bila ya kwenda kusikiliza katika maabara hiyo, hatakuwa na udhuru kama ule.

Mafundi wa simu nao tuwasikilize. Nalasi na kwingineko wao husema "kioo" kwa kile kitoacho picha na "tachi" kwa kile kinachohisi kidole, na hawavichanganyi kamwe, kwa kuwa bei zake ni mbali. Hiyo tachi ndiyo yenye utando wetu. Neno limetoka Kiingereza, limevaa irabu, limeingia ngeli, lina wingi na lina bei. Mwalimu alituuliza kama tuna badala yake. Tulimjibu kwamba "kioo cha mguso" kimo katika maandishi, na kwamba fundi hatakielewa upesi.

Maelezo ya bamba tumemwandikia upya hivi, ayabandike ukutani mwa darasa: "Upande wa ndani wa kioo cha mbele kuna utando mwembamba sana wa oksidi ya stani. Utando huu ni nusukipitishi kilichokolezwa, na kazi yake ni kukusanya umeme. Ni angavu, kwa hiyo huwezi kuuona. Hauna sumu. Usiibandue plastiki ya nyuma, wala usisugue kioo kwa mchanga. Futa vumbi kwa kitambaa laini na maji." Yeye mwenyewe ameongeza chini yake kwa chaki: "Bati halimo."